Mpini wa Mkono wa Kushoto

Harufu ile niliinusa kwenye ngazi, nikiwa nimebeba mfuko wa viazi kutoka sokoni Flagey. Nilisimama pale pale. Hayakuwa mafuta ya kupikia wala ya baiskeli. Yalikuwa mafuta ya bunduki, na mara ya mwisho kuyanusa nilikuwa msichana aliyemaliza kidato cha sita, nimekaa juani na wenzangu kambini, kwenye mafunzo ya jeshi, nafuta mtutu kwa kitambaa huku afande akipita nyuma yetu akitafuta vumbi.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Mume wangu alikuwa mhasibu ubalozini, nasi tulikaa ghorofa ya pili ya nyumba moja nyembamba mtaa wa Ixelles, mjini Brussels. Mimi nilikuwa mke wa mhasibu, basi, ndiyo kazi niliyokuwa nayo. Asubuhi darasa la Kifaransa, mchana kutazama madirisha ya maduka ya barabara ya Chaussée d'Ixelles bila kununua kitu, jioni kupika. Mwalimu wa michezo niliyekuwa nyumbani nilimwacha uwanja wa ndege.

Mlango wa chini ulikuwa wazi kidogo, nikachungulia. Mama mmoja wa Kibelgiji, wa miaka sitini na kitu, aliinama chini ya taa amevaa aproni ya ngozi. Mbele yake, juu ya kitambaa cheupe, bastola ilikuwa imefunguliwa vipande vipande, kila kipande kimepangwa mahali pake.

"Bunduki?" nikasema kwa Kifaransa changu cha miezi mitatu.

"Bastola," akanisahihisha bila kushtuka. "Umejuaje kabla hujaingia?"

Nikagusa pua yangu. Akacheka mpaka miwani ikateleza.

Alikuwa fundi wa silaha mwenye leseni, kazi aliyoirithi kwa baba yake huko Liège. Alikuwa mjane, na karakana yake ilikuwa chumba hicho cha mbele, chenye makasha ya chuma na makufuli manene. Alitengeneza bastola za michezo tu, za wanachama wa klabu ya kulenga shabaha. Nyumba nzima ilimwita Madame, nami nikamwita hivyo hivyo. Nilipomweleza kwamba kambini nililenga vizuri kuliko wavulana wengi, hakuniambia "vizuri sana" kama walivyozoea kuniambia watu wa darasa la Kifaransa. Alisema, "Jumamosi saa nne, klabuni. Njoo na viatu vya chini."

Mume wangu aliweka kijiko mezani. "Bastola? Ubalozini watasema nini?"

"Watasema mke wa mhasibu ana shabaha."

Aliuliza kazini, kwa maana hafanyi jambo bila kuuliza. Wakubwa wake walicheka, wakasema mradi ni klabu halali na silaha inabaki klabuni, hakuna tatizo. Basi Jumamosi nikaenda.

Ukumbi wa shabaha ulikuwa chini ya jengo kuukuu, unateremka ngazi za mawe mpaka kwenye kuta za matofali zilizotoa jasho mwaka mzima. Palinukia baruti na unyevu. Madame alinivisha vifuniko vya masikio, akanipa bastola ya klabu, aina ndogo inayojipakia yenyewe: ukifyatua, chuma cha juu kinarudi nyuma, kinatupa ganda, kinachukua risasi nyingine kutoka kwenye magazini, kile kikasha kinachoingia ndani ya mpini. Nikainua mkono.

"Ah! Wa kushoto!" akasema, kama mtu aliyeletewa chakula akipendacho.

Bibi yangu alijaribu kunitoa ushoto, walimu nao wakajaribu kwa fimbo. Afande peke yake ndiye aliyesema kwamba risasi haijui mkono. Lakini mpini ule ulikuwa umechongwa kwa mkono wa kulia wa mwanamume mkubwa. Palipopaswa kuwa na bonde la kidole gumba changu palikuwa na kilima. Nilifyatua hivyo hivyo, na nilipofyatua mara ya kwanza moyo wangu ulidunda kama ngoma ya harusi. Karatasi ilipoletwa, matundu yote yalikuwa yamesongamana kwenye kona ya chini, mbali kabisa na duara jeusi. Niliona aibu.

Madame alishika karatasi ile dhidi ya taa. "Unaona? Anayekosea mahali pamoja kila mara, yeye hakosei. Chombo ndicho kinachokosea." Akakunja mikono ya shati. "Tutakutengenezea."

Ndivyo ilivyoanza furaha yangu ya Brussels. Klabu ilikuwa na bastola moja ya zamani ambayo hakuna aliyeitaka, na Madame akaomba nipewe niitumie mimi; leseni yake ilimruhusu kuileta karakanani. Jioni, mume wangu akiwa bado kazini, nilishuka kwenye karakana na kukaa kwenye kigoda kando ya jiliwa, kile kibanio cha chuma cha mezani. Nilijifunza kwamba kilengeo cha mbele, kile kichuma kidogo kwenye ncha ya mtutu, kikiwa kipana mno kwa jicho lako, kinameza duara zima, na kikiwa chembamba mno, jicho linahangaika. Alikipunguza kwa tupa, kidogo, kidogo, ananipa niangalie ukutani, anachukua tena. Halafu alikipitisha juu ya moshi wa mshumaa kikawa cheusi ti, kisimeremete kwenye mwanga.

Triga, kile kifyatulio cha kidole, ilichukua muda zaidi. Sheria ya mchezo ilitaka ibebe uzito wa kilo moja bila kuachia, na Madame aliipima kwa jiwe la mizani lenye ndoano. Ila uzito haukuwa shida, shida ilikuwa mwendo wake. "Sasa hivi inakwaruza kama mlango wa zizi," alisema. "Mimi nataka ikatike kama fimbo ya kioo." Siku alipomaliza alinipa bastola tupu, akaniambia nifumbe macho nivute. Nilivuta, nikasikia kitu kimekatika, safi, bila onyo. Nilipiga kelele. Paka wake alikimbilia chini ya kabati.

Ukabaki mpini. Maduka yaliuza mipini ya mkono wa kushoto, lakini yote ilikuwa ya mikono ya wanaume. "Tunahitaji mtu wa mbao," Madame akasema. "Mimi ni mtu wa chuma."

Mtu wa mbao nilimjua. Alikuwa seremala wa Bukavu mwenye karakana uani, nyuma ya duka la vitambaa huko Saint-Josse. Alikuwa amenitengenezea viti, na nilipenda kwenda kwake kwa sababu tulisikilizana kwa Kiswahili, ingawa chake kilikuwa kimechanganyika na Kifaransa na changu alikicheka eti kinanukia shule. Nilimwita papa, yaani baba, naye aliniita maman, ingawa angeweza kunizaa.

Nilipomweleza, aliacha randa.

"Maman, miye kule kwetu niliona bunduki ya kutosha. Nilikuja huku ju ya kukimbia hiyo chuma. Alors, unaniletea ku mulango yangu?"

Niliona haya, nikakaa kwenye ubao. Nikamwambia ukweli: "Papa, tunapiga karatasi. Karatasi yenye duara. Hakuna kingine kinachopigwa pale, na ikiisha saa ya mazoezi inafungiwa kwenye kasha la chuma. Na mimi tangu nifike nchi hii hakuna kitu kilichonifurahisha kama hicho."

Aliitazama mikono yangu. Akauliza, "Karatasi tu?"

"Karatasi tu."

"Bon. Miye nitachonga muti. Muti haina kosa. Lakini ile kintu yenyewe ikipiga, sitaki kusikia."

Akaniambia nimletee umbo la mkono wangu. Nyumbani nilikanda unga kama wa chapati, nikazidisha chumvi, nikaufinyanga kuzunguka kipande cha mbao ambacho Madame alikipima kwa upana wa bastola, kisha nikaukamata kwa mkono wa kushoto kama vile nalenga, nikahesabu pumzi, nikaachia. Vidole vyote vilibaki humo, hata mikunjo. Nikaukausha katika oveni kwa moto mdogo. Mume wangu alirudi akauliza mbona nyumba inanukia mkate na mkate hauonekani. Nilimwonyesha. Akatia mkono wake kwenye ule mkate, haukuingia, akatikisa kichwa. "Kweli huu ni wako," akasema, na hapo ndipo nilipoona kwamba naye ameanza kunogewa.

Nilipanda basi hadi Saint-Josse na mkono wangu wa unga ndani ya bati la keki. Papa aliugeuzageuza, akapiga mluzi. Kando ya jiko lake la makaa alikuwa na kipande cha mti mwekundu alichosema kimekauka pale miaka, na alikuwa akikiweka kwa ajili ya kazi ya maana. Alikikata siku ile ile.

Jumamosi iliyofuata alikuja kwenye karakana ya Madame kupimisha, amevaa koti la kanisani. Nilikuwa na wasiwasi jinsi wale wawili watakavyoonana. Walitazamana, kisha wakatazama vifaa vya kila mmoja. Papa alichukua tupa moja ndogo ya Madame, akaipitisha kwenye ukucha. Madame alichukua patasi ya papa, akafanya vile vile. Baada ya hapo waliongea Kifaransa kwa kasi ambayo sikuifikia, wakibishana na kucheka. Papa alikuwa ameleta mpini umechongwa wote, hata midomo ya chini inayozunguka tundu la magazini. Magazini iliingia bila mwanya hata wa unywele.

"Kama tiroir nzuri," papa akasema kwa fahari, akimaanisha droo ya kabati. "Tiroir nzuri haicheze."

Madame aliupiga busu mpini. Nilipoushika nilihisi kwamba mtu amenisalimia kwa mkono. Klabuni, mara ya kwanza, matundu yalihama kutoka kwenye kona na kwenda katikati, moja baada ya jingine, mpaka mzee aliyekuwa akilenga kando yangu akaiweka bastola yake chini aje kutazama. Nilijikuta nacheza palepale, na vifuniko vya masikio kichwani.

Furaha hiyo ilidumu kidogo tu. Vuli ilipoingia, bastola ilianza kugoma.

Haikugoma kila siku, na hilo ndilo lililotutesa. Ingepiga vizuri magazini mbili, halafu chuma kingerudi mbele na kukwama nusu njia, risasi imeinamisha pua chini ya mlango wa mtutu kama mbuzi asiyetaka kuingia bandani. Ningeitoa, ningeanza tena, ingekwama tena. Na tayari tulikuwa tumejiandikisha kwa mashindano ya wanawake kati ya vilabu. Katika mchezo ule karatasi inageuka kukutazama kwa sekunde tatu tu, ufyatue mara moja, kisha inageuka kukupa ubavu. Bastola inayowazawaza haifai.

Madame aliichukua kama tusi la kibinafsi. Alibadilisha springi ya kurudisha. Alinoa kijino kinachovuta ganda. Alijaribu risasi laini, risasi kavu, za sanduku hili na lile. Alinyoosha midomo ya magazini, akaleta magazini mpya. Kila baada ya tengenezo aliijaribu mezani kwa risasi bandia, na kila mara ilimeza zote kama mtoto mwenye njaa. Tulishuka klabuni tukiimba. Klabuni ikagoma.

"Inanichukia mimi," nikasema.

"Chuma hakichukii," alijibu, lakini nilimwona akiitazama kama anayeanza kuwa na shaka.

Wiki ya mashindano mvua ilinyesha bila kupumzika. Jioni moja nilikuwa nakaanga vitunguu, mume wangu anatafuta kifungulio cha chupa katika droo ya jikoni. Droo ilikataa. Aliivuta, akaipiga ngumi, akaweka mguu kwenye kabati akavuta tena.

"Hii droo ya serikali!" akasema. "Kiangazi ilikuwa inateleza yenyewe. Mvua ikija tu, imevimba!"

Nilisimama na mwiko mkononi. Kama tiroir nzuri. Haicheze. Niliona kuta za klabu zinazotoa jasho, niliona jiko la makaa la Saint-Josse, niliona tundu lile la mpini lisilo na mwanya wa unywele.

"Zima jiko!" nikamwambia, nikashuka ngazi mbili mbili, peku.

Madame alifungua mlango akiwa na leso kichwani. Kifaransa changu chote kilinikimbia. Nilisema, "Mbao! Mvua! Mbao inanenepa!" nikionyesha kwa mikono tumbo linalokua. Alinitazama kama nimepatwa na homa. Kisha uso wake ukabadilika polepole, akajipiga paji la uso.

Maana kila mara alipotaka kuichunguza bastola ile, kitu cha kwanza alichovua kilikuwa mpini. Alikuwa akiutafuta ugonjwa kwenye chuma, na chuma kilikuwa kizima. Alikuwa akiuondoa ugonjwa wenyewe, anauweka kando kwa upendo juu ya kitambaa, halafu anashangaa kwamba mgonjwa amepona.

Tuliutoa mpini kwenye kasha. Ulikuwa umetoka klabuni siku ile, bado na ubaridi wa kule chini. Akaufunga kwenye bastola tupu, akaingiza magazini. Kitasa cha magazini kilishika, *tik*, na mtu yeyote angesema imefika. Akaifungua, akavua mpini, akaingiza tena magazini ile ile. *Tak.* Sauti nyingine kabisa. Ilipanda juu zaidi kwa unene wa ukucha. Mbao iliyovimba ilikuwa ikiibana magazini chini, risasi inakuja imechelewa kidogo, pua inagonga chini ya mlango.

"Tik," Madame akasema.

"Tak!" nikajibu.

Tulikumbatiana na kurukaruka kama wasichana wa shule. Mume wangu alishuka na kikaango mkononi kuona kuna nini, tukamlazimisha asikilize tik na tak mpaka akakiri kwamba tofauti anaisikia.

Kesho yake papa alikuja na kiboksi cha patasi. Nilihofia atachukia kusikia kwamba kazi yake ndiyo iliyogoma. Alisikiliza sauti zote mbili, akainamisha kichwa, kisha akacheka kicheko kirefu kutoka tumboni.

"Donc ni miye! Niliikausha sana ku moto, na huku ni inchi ya maji. Muti inapumua, maman. Nilifunga kintu yenye kupumua sawa vile chuma. Lete hapa."

Alikwangua ndani ya tundu kwa msasa mpaka mwanga ukapita pembeni. Kisha akaunywesha mpini mafuta ya kitani, tabaka juu ya tabaka, ili maji yasipate njia tena. Madame alisimama nyuma ya bega lake muda wote, na kwa mara ya kwanza hakumkosoa mtu.

Mashindano yalifanyika Jumapili, katika ukumbi mkubwa nje kidogo ya jiji. Nilipogeuka kutazama viti vya watazamaji, nilimwona mume wangu na, pembeni yake, papa na koti lake la kanisani, vidole viwili vimeziba masikio kabla hata ya mtu yeyote kupakia. Alikuwa amesema hataki kusikia, naye alitimiza, lakini alikuja.

Awamu ya polepole nilipita vizuri. Ikaja ya haraka. Karatasi inageuka, mkono unapanda, kilengeo cheusi chini ya duara jeusi, triga inakatika, mkono unashuka. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Sikuwa nafikiri kitu. Mara ya nne nilivuta, nikasikia *tak* kavu, na kimya.

Niliinua mkono wa kulia kumwita mwamuzi kama sheria isemavyo, bastola imeelekea mbele. Nyuma yangu nilisikia Madame akivuta pumzi kwa meno. Mwamuzi alikuja, akaangalia, akavuta chuma nyuma. Risasi ilitoka nzima. Ilikuwa imeingia sawasawa mahali pake, imegongwa sawasawa, alama ya pini iko wazi kwenye kitako chake. Haikuwaka tu.

"Risasi mbovu," akasema. "Bastola haina kosa. Rudia mfululizo huu."

Sitasahau raha ya maneno yale. Bastola haina kosa! Nilimgeukia Madame, naye alikuwa amenyoosha ngumi zote mbili juu, mama mzima wa miaka sitini na kitu. Nilirudia mfululizo ule nikiwa nacheka kimoyomoyo, na ndio ulikuwa mzuri kuliko yote niliyowahi kupiga, tano zikiwa ndani ya duara ambalo ningelifunika kwa kikombe cha kahawa.

Nilikuwa wa pili. Wa kwanza alikuwa mwanafunzi mmoja wa Ghent, mrefu, mtulivu kama ukuta, na alistahili. Aliniomba aushike mpini wangu. Haukumkaa hata kidogo, akacheka, akauliza umetengenezwa wapi. Nikamwonyesha papa, ambaye alikuwa tayari amezungukwa na wazee wawili wa klabu nyingine wenye vidole vya baridi yabisi, wakimwonyesha viganja vyao kama wagonjwa kwa daktari.

"Ju ya karatasi tu, hein?" nilimsikia akiwaambia kwa Kifaransa chake na Kiswahili chetu, ingawa hawakuelewa nusu. "Karatasi tu."

Tulirudi Flagey sote wanne, tukanunua viazi vya kukaanga, tukala tumesimama chini ya mwavuli mmoja wa duka huku mvua ikipiga uwanja mtupu. Mume wangu alikuwa akimsimulia papa mfululizo wa mwisho kana kwamba yeye ndiye aliyeupiga. Madame hakuwa akiwasikiliza. Alinishika kiwiko, mkono wa pili una kiazi kilichochovywa mayonezi, akaanza kunieleza kwamba ile triga, akiifikiria vizuri, bado inaweza kuwa safi zaidi kidogo.